Masanja wa Getini

Kwenye banda la video la Nyarugusu, mwishoni mwa miaka ya tisini, binadamu walikuwa wa aina mbili tu: stelingi na adui. Stelingi hafi, adui hufa mwishoni. Waliobaki wote, yaani wale wanaofungua mlango, wanaoleta chai, wanaoendesha teksi na wanaopigwa risasi ya kwanza, hawakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Hata sisi watoto, tulipokuwa tunaigiza filamu njiani kurudi nyumbani, hakuna aliyekubali kuwa mmoja wao. Aliyewakumbuka alikuwa mtafsiri wetu peke yake.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati na turubai, mabenchi ya mbao, tivii moja, deki moja, na jenereta nje iliyokuwa ikipiga kelele kuliko filamu. Kiingilio cha mtoto kilikuwa shilingi 50. Wachimbaji walikuja moja kwa moja kutoka mashimoni, vumbi mpaka kwenye kope, wakalipa na kukaa mbele. Kando ya tivii alisimama kijana mwenye maiki iliyozungushiwa plasta, na kazi yake ilikuwa kutueleza kinachosemwa. Kichina hakukijua. Kihindi hakukijua. Na Kiingereza chake, sasa ninapokifikiria, kilikuwa cha kuombea maji. Kwake filamu zote zilikuwa bubu. Aliangalia midomo, akaangalia mikono, akatunga.

Kila mtu asiye na jina kwenye filamu alimpa jina lilelile: Masanja. Geti la jumba la adui likifunguliwa, alipunguza sauti kama anayetusimulia habari za jirani: huyu anayefungua ni Masanja, ana miezi mitatu hajalipwa, mwangalieni anavyolisukuma geti kwa hasira. Banda zima lilicheka, na waliocheka zaidi ni wale wa mbele, ambao baadhi yao nao walikuwa na miezi yao mitatu. Baadaye stelingi anafika na bunduki, Masanja anaanguka, na mtafsiri anasema: haya, Masanja ndo hivyo tena, mshahara wake sasa atachukua nani? Kisha filamu inaendelea.

Nilipokwenda chuo Dar es Salaam ndipo nilipogundua kwamba kile tulichokuwa nacho Nyarugusu kilikuwa na wakubwa wake. Kulikuwa na Lufufu, ambaye kanda zake zilizotiwa simulizi ya Kiswahili zilisafiri nchi nzima. Baadaye nikasoma kwamba Japani, enzi za filamu bubu, kila ukumbi ulikuwa na msimulizi wake anayeitwa benshi, na wapo watu waliokata tiketi kwa ajili ya benshi kuliko kwa ajili ya mwigizaji. Sikushangaa sana. Mimi nisingeweza kukutajia majina ya wachezaji wa filamu nusu ya nilizoziona utotoni, lakini sauti ya yule kijana bado ninayo kichwani. Na kuna tabia moja aliyoniachia ambayo imenikaa: nikiangalia filamu ya zamani, macho yangu hayatulii kwa stelingi. Yanakwenda getini.

Huko getini ndiko nilikokutana kwanza na Louis Brody. Alizaliwa Douala, Kameruni, mwaka 1892, akafika Ujerumani akiwa kijana. Mwaka 1915 alitokea katika filamu ya Joe May iitwayo Das Gesetz der Mine, yaani Sheria ya Mgodi. Mimi ni mtu wa Geita. Jina hilo lilinichekesha peke yangu usiku. Katika filamu bubu kilichonunuliwa kwa Brody kilikuwa sura na kimo, kwa hiyo leo alikuwa Mmalei, kesho Mwarabu, keshokutwa mtumishi wa mfalme fulani wa nchi isiyokuwepo. Yumo kwenye Genuine ya Robert Wiene ya mwaka 1920, yumo kwenye Der müde Tod ya Fritz Lang ya mwaka 1921. Na mwaka huohuo wa 1921 aliandika kwenye gazeti la Berlin kuwatetea Waafrika waliokuwa wakisumbuliwa na kupigwa mitaani, maana Wajerumani wengi walikuwa na hasira na askari weusi wa Ufaransa waliowekwa katika eneo la Rhineland, na hasira hiyo ikamwangukia kila mwenye ngozi nyeusi. Yaani mtu anayelipwa ili anyamaze kwenye picha, akaenda kusema gazetini. Brody alidumu. Aliendelea kuigiza baada ya sinema kupata sauti, akavuka miaka ya Hitler, akafariki Berlin mwaka 1951.

Ni kwa kumfuata Brody nilipomfikia mtu wetu. Wote wawili wamo katika filamu moja ya mwaka 1941, na nilipoona orodha ya waigizaji nikasimama kwenye jina la pili: Mohamed Husen. Kuzaliwa: Dar es Salaam.

Jina alilopewa na wazazi ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan katika jeshi la Wajerumani. Mtoto alijua Kijerumani mapema, akawekwa kufanya ukarani Lindi. Vita ya kwanza ilipofika kwetu mwaka 1914 alikuwa na miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Miaka kumi. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, huko kusini, katika moja ya mapigano mabaya kuliko yote ya vita ile hapa nchini, kisha Waingereza wakamchukua mateka. Alikuwa na umri wa mtoto wa darasa la saba.

Baada ya vita alifanya kazi melini, mpaka akawa mhudumu kwenye meli za Wajerumani zinazopita pwani yetu. Mwaka 1929 akafika Berlin. Hakwenda kutafuta sinema. Alikwenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani kudai mshahara wa askari ambao haukulipwa tangu vita, wake na wa baba yake. Wakamjibu kwamba amechelewa.

Nilisoma habari hiyo nikiwa gesti ya Katoro, kwenye safari ya kikazi, saa nne usiku, bando likikaribia kuisha. Nikafunga kompyuta. Sababu nitaifikia.

Hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz. Akawa pia msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni Berlin, kwa malipo madogo. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, siku tatu kabla Hitler hajawa kansela. Kuna watu ambao kalenda huwafanyia makusudi. Na hapo katikati akaingia kwenye sinema. Zaidi ya filamu ishirini. Alikuwemo katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika ya mwaka 1934, ambayo ni ya vita ileile aliyopigana. Alikuwemo katika Zu neuen Ufern ya mwaka 1937, ambamo stelingi ni Zarah Leander. Mwaka uliofuata alikuwemo katika filamu ya vichekesho ya Heinz Rühmann. Mtumishi, mbeba mizigo, mlinda mlango, askari.

Ukinisoma kwa makini utasema: ndugu mwandishi, hizi siyo filamu bubu tena, sinema ilikuwa imeshapata sauti. Kweli. Ila haikuwafikia wote siku moja. Stelingi alianza kuongea, aliyeshika sinia nyuma yake akaendelea kushika sinia. Husen alikuwa na lugha mbili mdomoni, moja wanaifundisha chuoni kwa kumtegemea yeye, na kwenye kamera akaachwa asimame tu, mara nyingi bila neno au na maneno mawili matatu.

Kuna jambo jingine ambalo ninalirudia kila mara. Kwa kuwa askari wa kweli, mwenye jeraha la kweli, hakulipwa. Kwa kuigiza askari, akiwa amevaa nguo za stoo ya studio, alilipwa.

Sitaki kumfanya stelingi. Kuna picha zake ambazo mimi kama Mtanzania zinanipa shida kuzitazama. Alivaa sare na kusimama kwenye mikutano ya Wajerumani waliotaka makoloni yao yarudishwe, na koloni wanalolitaka ni hili ninamokaa. Alizunguka na maonyesho ya Afrika yaliyokuwa yakipita mji hadi mji, Waafrika wakiwachezea watazamaji Uafrika wao. Aliomba nishani ya waliopigana vita, akanyimwa. Nimejaribu kumtetea kichwani kwa njia nyingi. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha, milango mingine ilikuwa imefungwa. Lakini pia inawezekana alikuwa anaamini. Mtu akitumikia jeshi toka ana miaka kumi, na baba yake yumo humohumo, sijui ni wapi angejifunzia kitu kingine. Ninaacha hapo.

Filamu ya 1941 niliyoitaja inaitwa Carl Peters. Ndiyo, huyohuyo wa kitabu cha historia: aliyekuja mwaka 1884 akapita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi, aliyeitwa Mkono wa Damu, aliyewanyonga Mabruk na Jagodja huko Kilimanjaro mwaka 1891 na 1892, hata serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Hitler alimrudishia heshima mwaka 1937, Peters akiwa kaburini, na miaka minne baadaye wakamtengenezea filamu. Peters ni Hans Albers, mmoja wa mastaa wakubwa wa Ujerumani wakati ule. Husen ni Ramasan, kiongozi wake wa njia. Brody yumo. Na kwa sababu mwaka 1941 huwezi kusafiri kwenda Afrika kutafuta watu wa kujaza picha, filamu za namna hii zilijazwa na wafungwa wa vita, Waafrika waliokamatwa wakipigana katika jeshi la Ufaransa.

Hebu fikiria siku moja ya kazi pale. Mtoto wa Dar es Salaam, mtu wa Douala, na wafungwa, wote wamepangwa nyuma ya mzungu aliyepakwa poda, wanamsaidia kuwa shujaa wa Usagara. Ningetoa chochote yule mtafsiri wa Nyarugusu apewe filamu ile na maiki yake ya plasta. Najua kabisa angesema nini Ramasan anapotokea. Huyu ni Masanja, anamdai huyu bwana tangu 1917.

Wakati wa filamu hiyo Husen alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani asiye mke wake. Gestapo wakamkamata mwaka 1941. Hakupelekwa mahakamani. Septemba mwaka huo aliingizwa kambi ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40. Mwaka 2007 Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka huohuo kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kiliwekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya namba 193, mtaa wa Brunnenstraße. Mwaka 2013 Eva Knopf akatengeneza filamu, Majubs Reise, Safari ya Mahjub, ambayo kwa sehemu kubwa inafanya kazi ya mtafsiri wetu: inapitia zile filamu za zamani na kumtafuta pembeni mwa picha.

Sasa nije kwenye sababu ya kufunga kompyuta.

Baba yangu alichimba Nyarugusu mpaka kifua kilipoanza kumsumbua. Halafu akapata kazi ya ulinzi kwenye kampuni moja binafsi iliyokuwa na mkataba wa kulinda eneo la mgodi. Kampuni siitaji. Kwetu mlinzi anaitwa askari, bila kujali ana bunduki, kirungu au filimbi, na kwa karibu miaka kumi baba alikuwa askari wa getini. Alipenda ile kazi. Alipiga pasi sare mwenyewe, hakumwachia mama. Kila asubuhi walipangwa mstari na kurudia kwa sauti maneno ya usalama kazini kwa Kiingereza, na baba, aliyeishia darasa la nne, aliyashika yote kama sala. Mpaka leo ukimgusia tu anaanza.

Katika miaka hiyo walikuja watu wa kamera kutengeneza filamu fupi ya kuonyesha wageni jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu mmoja akaja kuiweka mtandaoni. Baba yumo, sekunde nne. Gari jeupe linakuja, kizuizi kinapanda, baba anapiga saluti, gari linapita, vumbi. Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu yoyote maishani mwangu. Anapiga saluti vizuri mno, kidevu juu, kama ndani ya gari yumo rais. Nilikuja kuambiwa na yeye mwenyewe kwamba gari lilikuwa na dereva tu, na kwamba walimfanya arudie mara sita.

Mwaka 2014, mwezi wa kumi, mkataba wa kampuni ukaisha, nayo ikaondoka. Iliondoka na mishahara ya miezi mitatu na kiinua mgongo cha watu. Michango ya hifadhi ya jamii, walipokwenda kuulizia, ilikuwa na mapengo ya miaka. Baba akanipigia simu nirudi nyumbani. Nilipofika akanipa bahasha ya kaki: kitambulisho chake cha kazi, nakala ya barua ya ajira, karatasi mbili za mshahara. Akasema, "Wewe ndiye msomi. Ipeleke panapohusika."

Niliiweka kwenye begi. Nilikuwa mwandishi mchanga, natumwa huku na huku, na mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Nilizunguka na misafara ya kampeni Shinyanga, Kahama, Geita mpaka Mwanza, na bahasha ilizunguka nami. Mama alipouliza nilisema nashughulikia. Niliandika, katika miezi ileile, habari mbili za wachimbaji wadogo wanaodai malipo yao, na moja ilisifiwa na mhariri. Sikuona kitu cha kuchekesha katika hilo wakati ule.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015. Novemba nikampeleka baba kwenye ofisi ya usuluhishi. Tukaelezwa, kwa upole kabisa, kwamba madai ya namna ile hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu yatokee. Sisi tulikuwa na mwaka mzima. Kulikuwa na fomu ya kuomba kuongezewa muda, na kwenye fomu mahali pa kueleza sababu za kuchelewa.

Nilitaka kuandika ugonjwa. Kifua chake kilikuwa kigonjwa kweli, na cheti kingepatikana. Baba akanishika mkono wenye kalamu.

"Andika ilivyokuwa."

"Baba, ilivyokuwa haitatusaidia."

"Andika ilivyokuwa, mwanangu. Nilishaapa kwa jina langu hapo juu."

Nikaandika kwamba mwombaji alimkabidhi nyaraka mwanaye, na mwanaye alikuwa na shughuli nyingi. Nimeandika mengi tangu hapo, hakuna sentensi iliyonichukua muda mrefu kama ile. Mtu wa ofisi aliisoma, akanitazama mimi badala ya baba, akasema hataficha, sababu hiyo ni dhaifu. Nikatoa simu, nikamwonyesha zile sekunde nne. Huyu hapa, si alikuwa kazini? Akaitazama mpaka mwisho. Akasema hakuna anayebisha kwamba alikuwa kazini. Ombi halikupita.

Kwa hiyo unaelewa nilivyokuwa pale Katoro, nasoma kwamba mtu amevuka bahari na madai yake na ya baba yake mkononi, akaambiwa amechelewa.

Kuna kisa ambacho watu wanaosoma historia ya vita ile hupenda kukisimulia. Mwaka 1964, mwaka aliofariki jenerali wao Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani ambao walikuwa bado hai. Ofisi ya malipo ya muda ikafunguliwa Mwanza. Wazee wapatao 350 wakaja. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare, wengine hawakuwa na chochote. Basi, inasimuliwa, yule mtu wa benki akawa anampa kila mzee ufagio, anamwamuru kwa Kijerumani kushika silaha, kutoa heshima. Na hakuna mzee hata mmoja aliyekosea.

Kisa kinasimuliwa kwa kuchekesha, na wazungu wanakipenda kwa sababu kinaonyesha askari mtiifu. Mimi nakiona kwa jicho la banda. Wazee wa miaka sitini na kitu, sabini, wamepangwa foleni Mwanza, huru, nchi yao ina bendera, na ili walipwe kilicho chao inabidi waigize tena. Hata hivyo walilipwa. Mwanza kutoka kwetu ni kuvuka tu maji, kwa miaka mingi kivuko cha Kigongo kwenda Busisi ndicho kilikuwa njia yetu. Mahjub angekuwa hai angekuwa na miaka 60, na ufagio angeushika kuliko wote, maana alikuwa ameshaufanyia mazoezi mbele ya kamera.

Na baba yangu pia angeushika. Hilo ndilo lililoniuma ofisini siku ile. Kama wangempa ufagio na kumwambia apige saluti, arudie maneno ya usalama kwa Kiingereza kuanzia la kwanza, asingekosea hata moja.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kumwona Shinyanga, ambako amerudi kwenye shamba la ukoo. Jioni tumekaa nje, nikamwonyesha kwenye simu kipande cha filamu ya Knopf. Sikumweleza sana. Nilisema tu kuna mtu wetu humo, wa zamani, nitakuonyesha. Akavaa miwani yake aliyoinunua mnadani, akaisogeza simu mbali kama wanavyofanya wazee. Wazungu wakapita, wakaongea. Nikanyoosha kidole.

"Nimeshamwona," baba akasema. "Yule wa nyuma."

Nikamsimulia yote, Mahiwa, meli, wizara, kambi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Walimlipa?"

"Ya filamu walimlipa. Ya vita, hapana."

"Na ya baba yake?"

"Nayo hapana."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Alichelewa kiasi gani?"

"Vita iliisha 1918. Yeye alifika 1929."

"Alikuwa kazini," baba akasema. "Si umesema alikuwa melini? Mtu akiwa kazini siku zinapita tu." Hakuniangalia aliposema hivyo. Akavaa tena miwani na kunirudishia simu.

"Hebu rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.